Umri wa mnyoo: namna ya kuuelewa ugonjwa wa minyoo ya moyo kwa mbwa na paka

Mwenye mbwa anayeambiwa kwamba mnyama wake ana minyoo ya moyo huondoka kwa daktari na maswali mengi kuliko aliyoingia nayo. Mbona kipimo cha miezi michache iliyopita kilionyesha hana kitu? Kwa nini kaandikiwa dawa ya bakteria wakati tatizo ni minyoo? Kwa nini sindano ya kuwaua haichomwi leo, mpaka isubiriwe miezi miwili? Na paka wa nyumba hiyohiyo, akiambukizwa na mbu yuleyule, kwa nini haruhusiwi kabisa kuchomwa sindano hiyo?

Kwa sehemu kubwa majibu yanakutana kwenye jambo moja, nalo ni umri wa mnyoo. Mnyoo aliyeingia mwilini siku 20 zilizopita, mwenye siku 80 na mwenye miaka miwili hawauawi na dawa moja wala hawaonekani kwa kipimo kimoja. Anayeijua ratiba ya maisha ya mnyoo huyu ataelewa kwa nini daktari anamwambia asubiri, na ataacha kudhani kwamba anazungushwa.

Kutoka kwa mbu hadi mapafuni

Jina lake la kisayansi ni Dirofilaria immitis, na hana uhusiano na minyoo ya tumboni. Hapatikani kwenye kinyesi, na dawa nyingi za minyoo ya tumbo hazimfanyi kitu. Mbwa mgonjwa hawezi kumwambukiza mwenzake kwa kulala naye, kumlamba au kunywa naye maji bakuli moja. Lazima mbu awe katikati. Hata mbwa akiongezewa damu yenye watoto wa mnyoo huyu, watoto hao hawatakua, kwa sababu hatua ya kwanza ya maisha yao hukamilika ndani ya mbu tu.

Minyoo wakubwa hukaa kwenye ateri zinazotoa damu upande wa kulia wa moyo kuipeleka mapafuni. Jike hufikia sentimita 25 hadi 30, dume ni mfupi zaidi. Wakipandana, jike huachia ndani ya damu maelfu ya watoto wadogo mno, ambao huitwa maikrofilaria. Mbu akimfyonza mbwa huyo, huondoka nao. Ndani ya mbu wanahitaji joto: kukiwa na nyuzi 27 hivi za Selsiasi hukomaa kwa siku 10 hadi 14, na joto likishuka chini ya nyuzi 14 ukuaji husimama. Ndiyo maana ugonjwa huu umeshamiri kwenye maeneo yenye joto na unyevunyevu, na kwenye nchi za baridi huenda na msimu.

Lava, yaani mnyoo mchanga, akishakomaa kiasi hicho husogea hadi kwenye mdomo wa mbu. Wengi hudhani mbu humdunga mnyama lava moja kwa moja, lakini sivyo. Mbu anapouma, lava hutoka kwenye mdomo wake pamoja na kitone kidogo cha majimaji ya mwili wa mbu, akabaki juu ya ngozi. Mbu akishaondoka, lava hujipenyeza mwenyewe kupitia tundu lililoachwa. Hapo ndipo hesabu ya siku inapoanza.

Kati ya siku ya 3 na ya 12 anajivua gamba na kuingia hatua ya nne. Kwa wiki kadhaa anatambaa polepole chini ya ngozi na katikati ya misuli, na mbwa haonyeshi dalili yoyote. Kati ya siku ya 50 na ya 70 anajivua kwa mara ya mwisho, anakuwa mnyoo kijana na kuingia kwenye mishipa ya damu. Wa kwanza hufika mapafuni karibu siku ya 70, wakiwa na urefu wa sentimita tatu hivi, na wanaosalia huwafuata katika wiki zinazokuja. Hapo hurefuka haraka, na inapofika miezi sita au saba tangu mbu aume, majike huanza kuzaa. Ndani ya mbwa wanaweza kuishi miaka mitano hadi saba.

Kinachoharibika

Uharibifu huanzia kwenye mishipa ya mapafu kabla haujafika kwenye moyo wenyewe. Minyoo hukwaruza ukuta wa ndani wa ateri, na taka zao huuchokoza mpaka unavimba na kuwa mnene. Mshipa unakuwa mgumu, njia inakuwa nyembamba, na upande wa kulia wa moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Kadiri miezi inavyokwenda moyo hutanuka na kuchoka. Mbwa huanza na kikohozi kikavu, kisha anachoka upesi akikimbia, anakonda, na hatimaye tumbo hujaa maji au anazimia.

Kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha: idadi ya minyoo peke yake haiamui mbwa ataumwa kiasi gani. Mbwa mwenye minyoo michache lakini anayekimbizwa kila siku anaweza kuumwa kuliko mwenye minyoo mingi anayeshinda amelala. Mbio huongeza damu inayopita kwenye mishipa iliyokwisha kuharibika, na mnyoo anapokufa vipande vyake husukumwa hadi kwenye vimishipa vyembamba vya mapafu na kuviziba. Mnyoo hai hudhuru polepole, ila aliyekufa anaweza kuua kwa siku moja. Sehemu kubwa ya matibabu imepangwa kwa kuihofia hatari hiyo ya pili.

Hali mbaya kuliko zote hutokea pale minyoo mingi inaporudi nyuma na kujazana ndani ya moyo wenyewe, ikakwama kwenye vali ya upande wa kulia. Mbwa huishiwa nguvu ghafla, fizi hupauka, na mkojo huwa wa rangi ya kahawa kwa sababu chembe nyekundu za damu zinapasuka zikipita kwenye minyoo hiyo. Hapo kidonge hakisaidii. Inabidi daktari mpasuaji apitishe kifaa kwenye mshipa wa shingo na kuitoa minyoo, na asipofanya hivyo upesi, mbwa wengi wa namna hii hufa ndani ya siku chache.

Kipimo kinaona nini

Kipimo kinachotumika zaidi kwa mbwa ni cha antijeni. Hutafuta kwenye damu protini ambayo kwa kiasi kikubwa hutoka kwa mnyoo jike aliyekomaa. Hivyo kina mipaka yake. Hakiwezi kuona madume peke yao, na hakiwezi kuona minyoo wachanga. Ukimpima mbwa leo, jibu linahusu mbu waliomuuma miezi sita au zaidi iliyopita, na mbu wa mwezi uliopita hawamo. Kwa sababu hiyo hakuna maana ya kumpima mtoto wa mbwa ambaye hajafikisha miezi saba, ingawa dawa ya kinga anatakiwa aanze mapema zaidi ya hapo.

Kipimo cha pili ni kutafuta maikrofilaria. Njia rahisi ni kuweka tone la damu mbichi kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini. Kama wamo, utaona kijiuzi chembamba kisicho na rangi kikijinyonganyonga mahali pamoja, na chembe nyekundu za damu zikitikisika na kusukumwa pembeni yake. Kikisonga mbele na kutoka nje ya eneo unaloliangalia, huenda ni mtoto wa mnyoo mwingine, Acanthocheilonema reconditum, anayeenezwa na viroboto na chawa na asiye na madhara makubwa. Tofauti hiyo ina uzito, maana kumtibu mbwa minyoo ya moyo wakati hana ni kumtia hatarini bure. Maabara zenye mashine ya kuzungusha damu hutumia njia ya Knott, inayokusanya maikrofilaria wote mahali pamoja, ikawa rahisi kuwatambua kwa umbo na urefu.

Hakuna kipimo kinachojitosheleza hapa. Wapo mbwa wengi wenye minyoo ambao damu yao haina maikrofilaria hata mmoja, na wapo wachache wenye maikrofilaria tele lakini antijeni haionekani kwa sababu imefungwa na kingamwili za mbwa mwenyewe. Kwa hao wa pili, maabara hupasha moto sampuli ili kuvunja mfungo huo na kupima upya. Vipimo viwili vifanyike pamoja, na jibu la kwanza la "anao" lithibitishwe kwa njia nyingine kabla ya matibabu kuanza. Picha ya eksirei huonyesha mishipa na mapafu yameathirika kiasi gani, na kipimo cha mawimbi ya sauti wakati mwingine humwonyesha mnyoo mwenyewe: mistari miwili mifupi, myeupe na sambamba, kama alama ya = iliyoandikwa ndani ya mshipa.

Kwa nini matibabu huchukua miezi

Dawa inayoua minyoo wakubwa ni melasomini, yenye asili ya arseniki. Mpango unaopendekezwa na American Heartworm Society, chama cha Marekani kinachoandaa miongozo ya ugonjwa huu, hauanzi na sindano hiyo. Siku ya kwanza mbwa hupewa dawa ya kinga ya kila mwezi, ili asipate wapya na wachanga waliomo wauawe. Kama damu ina maikrofilaria wengi, dozi hiyo hutanguliwa na dawa za kuzuia mzio na mbwa huangaliwa palepale kliniki, kwa sababu vifo vyao vya pamoja vinaweza kumwangusha. Kisha hufuata doksisaiklini, mara mbili kwa siku kwa wiki nne.

Doksisaiklini inaua bakteria, na ndiyo maana watu hushangaa. Ndani ya mwili wa mnyoo wa moyo wanaishi bakteria waitwao Wolbachia, ambao mnyoo anawategemea ili akue na kuzaa. Mnyoo akifa, bakteria hao humwagika kwenye damu ya mbwa na kuchochea uvimbe mkali mapafuni. Ukiwaua mapema, mnyoo anadhoofika na kifo chake kinakuwa na madhara madogo.

Wiki nne za doksisaiklini zikiisha, kuna mwezi mwingine wa kungoja, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Jibu limo kwenye ratiba ileile. Dawa ya kinga inaua lava wa wiki chache za mwanzo, na melasomini inawaweza minyoo waliokwisha kukua. Katikati yupo mnyoo kijana ambaye ni mkubwa kwa dawa ya kwanza na mdogo kwa dawa ya pili. Ukichoma sindano leo, huyo atabaki, atakua, na kipimo cha mwakani kitarudi kilekile. Ukifunga mlango wa maambukizi mapya na kusubiri siku 60, atakuwa amefikia umri ambao sindano inamuua.

Sindano ya kwanza huchomwa karibu siku ya 60, ndani kabisa ya misuli ya mgongo sehemu ya kiuno. Mwezi mmoja baadaye huchomwa mbili, siku ya 90 na ya 91. Ile ya kwanza hupunguza baadhi ya minyoo ili wote wasife kwa mkupuo na kuziba mapafu, kisha mbili za mwisho humalizia. Mpango wa sindano tatu huondoa minyoo kwa takribani asilimia 98, na ule wa zamani wa sindano mbili kwa asilimia 90 hivi. Mahali palipochomwa hupata maumivu na uvimbe, kwa hiyo usishangae mbwa wako mpole akikataa kuguswa mgongo.

Sasa mapumziko, ambayo kwangu ni sehemu ya tiba sawa na sindano yenyewe. Tangu ugonjwa ugundulike hadi wiki sita au nane baada ya sindano ya mwisho, mbwa asikimbie, asirukeruke wala kucheza na wenzake. Akitoka kujisaidia atoke na kamba, kwa mwendo wa taratibu, na kurudi ndani. Ugumu ni kwamba wiki za mwisho anaonekana amepona na ana hamu ya kucheza, ilhali ndizo wiki ambazo vipande vya minyoo vinaoza ndani ya mishipa yake. Akikohoa kupita kawaida, akitoa damu, akipata homa au akihema kwa shida, arudishwe kwa daktari siku hiyohiyo. Mwezi mmoja baada ya sindano ya mwisho hupimwa maikrofilaria, na miezi tisa baada ya sindano hiyo hupimwa antijeni.

Mahali ambapo melasomini haipatikani, au mbwa hawezi kuistahimili, madaktari hutumia moksidektini, ambayo ni moja ya dawa za kinga, pamoja na doksisaiklini. Njia hii huweza kuchukua mwaka au zaidi. Katika kipindi chote hicho minyoo wanaendelea kuharibu mishipa na mapumziko yanaendelea. Ni njia halali kwa anayeihitaji, lakini isichaguliwe kwa sababu tu inaonekana nyepesi.

Paka ni habari nyingine

Mwili wa paka si makazi mazuri kwa mnyoo huyu. Lava wengi hawafiki utu uzima, na anayebaki mara nyingi ni mmoja au wawili tu. Mtu angedhani hiyo ni nafuu. Lakini paka huumia mapema kuliko mbwa: minyoo vijana wakifika mapafuni, miezi mitatu au minne baada ya mbu kuuma, wengi hufa palepale, na vifo hivyo huzua uvimbe mkali kwenye njia za hewa. Paka huanza kukohoa na kuhema kwa shida, na wengi hutibiwa kwa kudhaniwa wana pumu. Wengine hutapika bila kuhusiana na chakula, au hukonda tu. Na wapo ambao dalili ya kwanza kuonekana ni kifo cha ghafla.

Kumpima ni kazi ngumu. Mnyoo mmoja dume hatoi antijeni ya kuonekana, na maikrofilaria ni nadra sana kwenye damu ya paka. Kipimo cha kingamwili huonyesha kwamba lava waliwahi kuingia, bila kueleza kama bado wamo. Daktari hulazimika kuunganisha vipimo hivyo na eksirei na mawimbi ya sauti, na wakati mwingine kurudia baada ya miezi kadhaa.

Matibabu ya kuwaua hayapo. Melasomini ni sumu kwa paka, na hata ingekuwa salama, kifo cha ghafla cha mnyoo mmoja kinatosha kumuua. Kinachofanyika ni kutuliza uvimbe kwa prednisoloni, kumfuatilia kwa karibu, na kusubiri mnyoo afe kwa umri wake, miaka miwili hadi minne. Ndiyo maana nasisitiza kinga kwa paka, hata yule asiyevuka mlango. Mbu huingia ndani.

Binadamu naye anaweza kuumwa na mbu mwenye lava hao, ila ni mara chache sana mtu kudhurika. Mnyoo hufa mapafuni na kuacha kinundu kidogo ambacho kwenye eksirei huweza kudhaniwa ni saratani.

Kinga hutazama nyuma

Dawa za kinga, yaani ivermektini, milbemaisini, selamektini na moksidektini, hazimzuii mbu kuuma. Kidonge cha leo kinaua lava walioingia katika siku 30 zilizopita, kabla hawajafikia umri wa kuwa sugu kwa dozi hiyo ndogo. Kwa hiyo mtoto wa mbwa au wa paka huanza akiwa na wiki nane au kabla ya hapo, kisha kila mwezi, mwaka mzima. Kwa mbwa ipo pia sindano ya moksidektini ya miezi sita au kumi na miwili. Mbwa anayetumia kinga bado anapimwa kila mwaka, kwa sababu kuna dozi zinazosahaulika na zinazotapikwa, na kwenye bonde la chini la mto Mississippi, nchini Marekani, wameshathibitishwa minyoo wanaoikwepa dawa.

Ivermektini iligunduliwa kutokana na bakteria wa udongo wa Japani, kazi iliyowapatia Satoshi Ōmura na William Campbell Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ni dawa nzuri, lakini naomba mtu asichukue ile ya sindano ya ng'ombe akaipunguza mwenyewe. Tufanye hesabu. Kinga ya mbwa ni maikrogramu 6 kwa kila kilo, hivyo mbwa wa kilo 10 anahitaji 60. Dawa ya ng'ombe ya asilimia 1 ina maikrogramu 10,000 kwenye mililita moja. Kipimo sahihi ni mililita 0.006, ambayo haifiki hata robo ya tone. Hakuna bomba la sindano la kawaida linaloweza kupima kiasi hicho, na anayekosea huzidisha kwa mara kumi au mia. Mbwa wa jamii ya Collie wenye hitilafu katika jeni iitwayo ABCB1 huathirika zaidi: huyumba, hutokwa na mate, hupofuka na kupoteza fahamu.

Kupunguza mbu ni nyongeza nzuri: mwaga maji yaliyotuama, weka wavu madirishani. Ila dawa za mbwa za kufukuza mbu zenye pemethrini zisimguse paka, kwani zinaweza kumuua.

Ukisahau dozi, mpe mara unapokumbuka na uendelee na ratiba kuanzia siku hiyo. Kama mapengo yamefika miezi miwili au zaidi, mwambie daktari ukweli. Atamrudisha kwenye kinga mara moja na kumpima siku hiyo ili kujua kama alikuwa na minyoo wa zamani. Kisha atampima tena baada ya miezi sita, kwa sababu lava waliopenya wakati wa pengo hawawezi kuonekana kabla ya hapo.